Siku Pikapu Yangu Ilipopimwa Nguvu Emali

Nakumbuka vizuri siku pikapu yangu ilipopandishwa kwenye mashine kule Emali, na hata leo, mwanangu, nikiikumbuka nainamisha macho. Wazee hupenda kusimulia makosa ya ujana. Hili langu nililifanya nikiwa na mvi.

Pikapu ilikuwa imeanza kushindwa na mlima wa Nunguni ikibeba kabeji. Nikasema fundi Kioko, mwana wa jirani yangu Syombua, alipoifungua injini alitoa vyuma vizuri akaweka vikuukuu. Sikusemea jikoni kwangu. Nilisema baada ya ibada, mbele ya Mbithe, Kalekye, na Ndinda, mkewe Kioko mwenyewe. Nikaongeza kwamba akikana nitamlisha kithitu, kile kiapo cha zamani ambacho wazee walisema humuua mwongo. Mimi, mama wa kanisa. Wiki hiyo hiyo watu wakaanza kuondoa magari yao kwa Kioko.

Hakujibizana nami. Alikuja nyumbani akaniita nyanya kwa Kikamba chetu, akaniambia polepole, "Susu, twende Emali. Kuna mashine inapima nguvu ya injini. Ikionekana nimeiba, nitakuwekea ingine."

Pale gereji magurudumu ya nyuma yaliwekwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, gari ikafungwa mikanda. Msichana wa pale, Mwende, akakanyaga mafuta. Pikapu ikanguruma kama inapanda mlima, na haiendi popote. Kwa kompyuta mistari miwili ikapanda. Mwende akanieleza kwamba mmoja ni nguvu za farasi, na mwingine ni ile nguvu ya kuzungusha gurudumu likiwa na mzigo, mafundi huiita torque. Farasi sijawahi kufuga, lakini mzigo naujua. Nikangoja aseme vyuma vya injini vimeibiwa.

"Injini iko sawa kabisa," akasema. "Shida ni hizi tairi, susu. Ni kubwa kuliko za gari hii, mlimani zinailemea. Nani aliziweka?"

Nilizitaka mimi, ili pikapu isimame juu kama gari za wakubwa. Kioko alikuwa amenikataza, nikaenda kuwekewa kwingine. Sasa aliinama akaanza kuifungua ile mikanda.

Jumapili nilisimama mbele ya wamama wale wale nikasema nilimsingizia. Ndinda alinipa mkono lakini hakuniangalia. Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi kamwe. Mwishowe Kioko alihamia Kathonzweni.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanangu, kitu chako kikiharibika, uliza kwanza mkono wako mwenyewe umefanya nini. Usilitaje jina la mtu kabla hujapima. Na ukimchafua mtu mbele ya watu, usiombe msamaha kichochoroni, omba pale pale ulipomchafulia, ingawa yote hayatarudi. Mungu akupe ulimi mzito na masikio mepesi, na jina lako alilinde na vinywa vya watu kama mimi.