Makaa Niliyoyaanika Juu ya Paa

Admin, jina langu usilitaje, ingawa mtu wa zamani wa mtaa wa Huruma, Nairobi, akinitambua, basi, nimechoka kujificha. Nina miaka sitini na tatu, ni mjane, na wanangu wako mbali, simu zao ni za Krismasi. Kuna siku sauti ya kwanza ninayosikia ni ya redio, na ya mwisho pia.

Miaka ya tisini nilikuwa na vyumba viwili Huruma, ghorofa ya tatu. Kimoja tulilala mimi na watoto, kingine nilikuza uyoga. Ndiyo, uyoga, msicheke. Hoteli za mjini ziliununua, na marehemu mume wangu alikuwa ameniachia watoto watatu na kitanda. Shida ilikuwa harufu. Uyoga ule ulimea kwenye nyasi zilizooza na mbolea ya kuku, majirani wakaanza kuulizana ni nani amefia ndani. Keyateka, msimamizi wa jengo, akapanda mpaka mlangoni, akaniambia harufu ikitoka tena nihame na watoto wangu.

Aliyeniokoa nitamwita Nekesa. Aliuza makaa pale chini, kando ya ngazi. Alinitengenezea sanduku la mbao na wavu, tukalijaza makaa tuliyoyaponda vipande vidogo, nyuma yake tukaweka feni kuukuu ya soko la mitumba la Gikomba. Hewa ya kile chumba ikawa inapita kwenye makaa kabla ya kutoka dirishani, na harufu inabaki humo. Baada ya wiki kadhaa makaa yanachoka, harufu inaanza kupenya. Kwa hivyo tuliyasafisha tuyatumie tena: tunayachekecha vumbi litoke, tunayasuuza, tunayaacha yakauke kabisa, halafu tunayapasha moto ndani ya debe lenye kifuniko ili yasigeuke majivu. Kazi hiyo tuliifanya kwangu, tukipiga soga, weusi mpaka kwenye viwiko. Sijawahi kucheka na mtu vile tena.

Nekesa alinikanya jambo moja tu, nisiyaanike nje. Niyatandaze kwenye gunia chini ya kitanda, hata yakichukua siku nne. Alisema vumbi la makaa halina adabu.

Sasa mimi na haraka zangu. Jumamosi moja harufu ilikuwa imeanza kutoka na makaa bado yamelowa. Nikaona siku nne ni nyingi, keyateka hatangoja. Nikayapandisha juu ya paa, pale ambapo wapangaji wote wa ploti walianika nguo, nikayatandaza juani, nikashuka kupika. Yakakauka kweli. Halafu upepo ukavuma. Niliporudi, nilikuta kanzu nyeupe za kanisa za Mama Rhoda, jirani wa ghorofa ya pili, zimejaa weusi, yake na za watoto wake wote. Kesho yake walikuwa wanasafiri nazo kwenda kumzika mumewe.

Nikakusanya makaa yangu nikateremka.

Mama Rhoda alilia, ploti nzima ikasikia. Na kwa sababu aliyejulikana kwa makaa pale ni mmoja, wote walimgeukia Nekesa. Kabla ya kwenda kujibu, alipita kwangu, akafunga mlango.

"Makaa yako umeyaanika wapi?"

"Chini ya kitanda," nikamwambia.

Hakuinama kuangalia. Aliniamini hivyo hivyo. Akashuka, akaapa si yeye, wakamwita mwongo. Angeweza kusema kwamba kuna mwingine mwenye makaa humu ndani, lakini alijua keyateka angenitimua mimi na watoto. Hakunitaja. Jioni hiyo magunia yake yalitupwa barabarani na akafukuzwa. Mimi nilikuwa dirishani, natazama. Sikumtafuta tena, niliona aibu, na miaka ikapita nikiwa na aibu hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilienda matanga mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Mtu akaniita nyuma yangu, akaniita kwa jina langu, si mama wa fulani, si shosho wa wajukuu. Nikageuka nikamkuta Nekesa, mwembamba, mvi kichwani, mjane kama mimi. Alinishika mkono mbele ya watu wa kanisa lake akawaambia, "Ploti nzima ilinigeuka. Huyu peke yake ndiye hakunisema vibaya."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Tangu siku hiyo ananipigia simu kila asubuhi kuniuliza nimelalaje. Sasa amenitafutia chumba kando ya chake, anasema tumezeeka, tusife kila mtu peke yake. Jumapili anataka jibu. Nikihamia kwake na uongo wangu, nitakuwa nakunywa chai yake kila siku kama mwizi. Nikimwambia ukweli, huenda nisisikie tena mtu akiniita kwa jina langu. Nyinyi mnaosoma, hasa mliowahi kuombwa msamaha uliochelewa hivi, niambieni: Jumapili nikifika mlangoni pake, nianze na neno gani?