Beringi ya Mashine ya Unga

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora nilikaa chini karibu na mlango wa choo, kwa sababu behewa la daraja la tatu lilijaa kabla sijapata pa kuweka mguu. Morogoro tulinunua ndizi, Dodoma karanga. Itigi hatukununua kitu, wote tulikuwa tumelala tumeegemeana. Bibi mmoja mwenye kuku kapuni aliniambia nisilalamike, maana reli ile inafuata njia ya wapagazi, na wao waliitembea kwa miguu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya kazi bandarini, kisha kwenye mkonge, na kote niliondoka kabla sijazoea. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, ya sabini ikielekea mwisho, na vitu vilikuwa vimeanza kuadimika.

Tabora nilipata kazi katika kituo cha umeme wa dizeli, nikakabidhiwa feni za mnara wa kupozea maji. Maji ya moto ya injini yalipandishwa juu, yakadondoka kwenye mbao zilizopangwa ndani ya mnara, na feni zikavuta hewa kupita katikati yake. Nilipaka grisi, nilikaza mikanda, nilisikiliza mota. Pale juu palikuwa na baridi nzuri hata Oktoba, na mabati ya mtaa wa Ng'ambo yote niliyaona.

Feni zilikuwa mbili. Mota ya kwanza iliungua, tukaambiwa nyingine imeagizwa nje. Halafu ya pili ikaanza kunguruma. Mkuu wa karakana alipanda, akaweka bisibisi kwenye mota na mpini wake sikioni, akashuka moja kwa moja hadi stoo. Beringi ilikuwa imekwisha na stoo hapakuwa na nyingine. Feni ile ikisimama, injini zingezimwa, na hospitali haikuwa na umeme mwingine zaidi ya wetu.

Akakumbuka kwamba mashine moja ya unga Ng'ambo ina mota ya aina ile ile.

"Kaombe," aliniambia. "Ukirudi mikono mitupu, jioni nazima."

Mwenye mashine alikuwa Mhindi, mzaliwa wa hapo hapo. Alinisikiliza vizuri, akasema yeye hana kinyongo, ila pale kwake kuna utaratibu: mama ambaye mahindi yake yako mdomoni mwa mashine ndiye mwenye mashine mpaka unga wake uishe, na nyuma yake kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Nikamwombe yeye.

Alikuwa mama mnene, kichwa cheupe kwa vumbi la unga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ni mtu wa wapi. Nikasema mimi Mzaramo. Foleni nzima ikageuka.

"Kumbe mtani," akasema. "Babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu pwani, akarudi na shanga na kikohozi. Leo umekuja kumalizia vyuma?"

Nilijua Wanyamwezi na sisi ni watani, lakini sikuwahi kukutana nao uso kwa uso namna ile. Nikajibu kwamba babu yake alikula muhogo wetu njia nzima na sahani hakuosha. Wakacheka. Nikamweleza kwamba umeme ukikatika, na mashine itasimama.

"Tutasimama wote. Kwanza unga wangu."

Ndipo nikasema habari ya hospitali. Mwanamke mmoja nyuma alisema mdogo wake yuko wodi ya wazazi tangu asubuhi. Yule mama akaukinga mkono mdomoni mwa mashine, mahindi yakaacha kuingia.

"Mfungulie mtani," akamwambia mwenye mashine. "Lakini haya yaliyobaki atayatwanga yeye."

Wenzake walibeba madebe yao kichwani wakarudi kwenye vinu, wakinitukana kwa furaha. Beringi tuliifunga kabla jua halijazama. Feni ikazunguka, na joto la injini likashuka. Kesho yake nilikwenda kutwanga, watoto wa mtaa mzima wakitazama jinsi Mzaramo anavyoshika mchi.

Miezi ile mashine iliposimama, hakuna aliyenidai kitu. Kila nilipopita waliniuliza kama chuma chao kinapata usingizi mzuri. Nilialikwa ugali wa kutwanga katika nyumba ambazo nilikuwa nimezipa kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza sikufikiria kuondoka.

Vipuri vilipokuja, niliirudisha beringi mwenyewe. Mota ikaitikia, unga ukaanza kumwagika, na wanawake wakaanza kugombania nafasi. Hapo nikaona deni langu limekwisha, na miguu ikaanza kuwasha kama zamani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumuaga yule mama, treni ikiwa jioni. Hakuinuka kwenye kigoda.

"Nenda, mtani. Ukifa huko, walete habari. Tutakuja kukuzika, ndiyo kazi ya watani, na tutakucheka kweli kweli."

Nilicheka mpaka stesheni. Nimeishi miji mingi tangu siku ile, na hakuna mwingine ulioniahidi hivyo.