Mama Yangu Hakuwa Abiria wa Steji

Siku hizi mwanangu akiwa Nairobi hubonyeza simu, gari likamjia hadi mlangoni, naye hunisimulia jambo hilo kana kwamba limeshuka jana kutoka mbinguni. Hunikera. Mwaka 2012 mimi nilikuwa Lodwar, mpishi katika nyumba ya wageni pale Nawoitorong, na nilikuwa naita pikipiki kwa simu imchukue mama yangu Kakuma, mbali kabisa na macho yangu. Ramani haikuwepo. Nilikuwa na namba ya mtu mmoja niliyemwamini, basi.

Mtu huyo alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, baba wa watoto wanne, aliyeishi kambini na kuendesha bodaboda. Mama aliishi upande wa mji, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani. La pili lilikuwa linafifia. Aliwahi kuangushwa na mwendeshaji mwenye haraka zake, na tangu hapo hakukubali pikipiki ya mtu mwingine. Yule Msudani alikuwa na utaratibu wake: alimketisha upande, akachukua leso na kujifunga naye kiunoni kama mtu anayebeba mtoto mgongoni, kisha akaenda polepole huku akimtajia kila shimo kwa Kiturkana chake cha kuokoteza. Mama alikuwa akimcheka matamshi njia nzima.

Wiki moja madaktari wa macho walikuja kwa ndege kwenye hospitali ya kambi, na wenyeji pia walipokelewa. Muuguzi alimpima mama akasema ni presha ya jicho. Likipasuliwa sasa, mwanga uliobaki utabaki. Likiachwa, mwanga utaondoka na hautarudi. Alitakiwa afike Ijumaa kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo madaktari walikuwa wanaondoka. Ijumaa hiyo nilipiga simu asubuhi na mapema.

"Mama, hapana ogopa," Msudani aliniambia. "Mimi naenda chukua yeye sasa."

Sasa kulikuwa na upuuzi mmoja uliokuwa ukiitwa sheria ya steji, yaani ya vituo vya bodaboda. Waendeshaji wa mjini walikuwa wameamua kwamba abiria yeyote aliyesimama upande wao ni wao. Wa kambini nao wakaamua vivyo hivyo kwa upande wao. Ukimvusha mtu laga, umshushe, urudi mtupu. Msudani siku zote alikuwa akimchukua mama kwa kupitia nyuma ya nyumba za watu. Siku hiyo, kwa sababu ya haraka, alipita mbele ya steji, mama akiwa amefungwa mgongoni kwake. Wakamzingira, wakachomoa ufunguo.

Alinipigia, nami nikataka nipewe mwenyekiti wao.

"Mama, wacha kukasirika," mwenyekiti akasema. "Hii kazi iko na sheria. Huyu nyanya ni abiria ya sisi."

"Ni mama yangu! Amekuwa mali yenu tangu lini?"

"Sisi hatukatai aende. Pikipiki ya hapa itampeleka."

Nilimpa vidonge vyake kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, mpaka wageni waliokuwa wakinywa chai wakaacha vikombe mezani. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akakata simu. Nilibaki nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Nilikuwa mbali mno hata kumtukana ana kwa ana.

Yaliyofuata Msudani alinieleza baadaye, na mama akayathibitisha. Walifungua leso, wakampandisha mama kwenye pikipiki ya mtu wa mjini, yeye akilalamika. Walipofika laga, waendeshaji wa kambini walikuwa wamekwisha pata habari ya ufunguo. Wakafunga njia.

"Rudisheni ufunguo ya ndugu yetu, ndio mtapita," wakasema.

Wa mjini wakajibu kwamba ufunguo hautoki mpaka faini ilipwe. Mama akateremshwa. Wala hakuna aliyemtendea ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo! Walimpa maji, wakamwita nyanya, wakamtafutia kivuli, kisha wakaendelea kubishana huku jua likipanda. Aliwaambia anakwenda hospitali. Kila upande ukamjibu kwamba wenye makosa ni wale.

Msudani alikuja mbio kwa miguu, akambeba mama mgongoni na kuvuka naye mchanga. Hospitali haikuwa karibu, na hakuna mwenzake aliyetaka kuacha kizuizi awapakie. Walipofika, masanduku ya madaktari yalikuwa yakipakiwa kwenye gari. Daktari mmoja alimmulika mama jicho kwa tochi, akasema vifaa vimeshafungwa na ndege inasubiri. Arudi watakapokuja tena.

Nilifika Kakuma Jumapili, nimejaa maneno ya kuwatapikia wote. Nikakuta yameisha. Jumamosi wazee wa pande mbili walikutana, mbuzi akachinjwa lagani, ufunguo ukarudishwa, watu wakala na kushikana mikono. Mwenyekiti alinieleza akitabasamu kwamba sasa ni amani. Nilimuuliza: katika kesi hiyo, mama yangu alikuwa upande gani? Hakunielewa. Kesi ilikuwa ya waendeshaji kwa waendeshaji, na mama hakuhesabiwa mkosewa, hakuitwa, hata supu hakuletewa.

Niliwachukia. Niliwachukia wa kwetu na wa kambini kwa kipimo kimoja, na sijaona sababu ya kupunguza.

Madaktari walirudi mwaka 2013. Wakati huo mama alikuwa ananiuliza kama kumekucha. Nilikuwa nyumbani kwa mama siku ambayo mwenyekiti alikuja mwenyewe, pikipiki imeoshwa, shati safi.

"Ejok, nyanya," akasalimu. "Madaktari ya macho wamefika. Leo mimi mwenyewe nakupeleka mpaka ndani ya hospitali. Bure. Hakuna mtu atatuzuia."

Nilinyanyuka nimfukuze. Mama akanishika nguo, akageuza uso kule ilikotoka sauti.

"Unipeleke nikaone nini?" akamuuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alisubiri jibu.