Shikamoo ya Kitabu

Juzi, sokoni Tabora, niliuziwa karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu cha hadithi. Nikamkumbuka Bibi yangu, kule Ipole.

Alasiri moja ya utoto wangu nilitoka kufunga tumbaku, vidole vikinata na kunuka. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alininawisha kwa majivu, kisha akaniwekea kitabu mkekani.

"Msalimie kwanza. Aliyeandika ni mkubwa wako."

"Shikamoo," nilisema, nikatega sikio nisikie marahaba kutoka ndani. Nilisikia nyuki tu.

"Bibi, haitikii!"

"Wewe soma. Ndivyo anavyoitikia."

Leo najua mwandishi yule alikuwa marehemu tayari. Hata hivyo, juzi ileile nilirudi kwa muuza karanga, nikamwambia siondoki bila kurasa zilizobaki. Kesho wanafunzi wangu watazisoma darasani. Lakini shikamoo kwanza.