Blanketi Juu ya Kompyuta

Kavindu alikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, ya kuchapia watu kazi na kutoa picha za paspoti pale mtaani Gatina. Ilikuwa imedumu kwa sababu aliitunza kama mgonjwa. Kila Jumamosi aliifungua, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, pole pole. "Prosesa, huu ubongo wake, haiuawi na kazi," alizoea kusema, "inauawa na joto." Jua likiwaka juu ya mabati, aliizima, na wateja wakangoja wakimcheka.

Januari ile ya vita vya kura, aliifunga mgongoni kwa leso kama mtoto, printa na skrini ndogo kikapuni, akaifikisha nyumbani kabla duka lake halijavunjwa. Alasiri moja Filister, mteja wake wa zamani, akabisha, amekuja kwa miguu kutoka Kibera. Mumewe, Dalmas, hakuwa ameonekana tangu nyumba yao ichomwe, na picha zake zote ziliteketea humo.

"Mama Mbithi," akamwambia Kavindu, "ulimpiga picha mwaka jana. Bado iko?"

"Iko humu, Mungu akipenda. Unataka uibandike wapi?"

"Makanisani. Kwenye kambi. Popote. Mtu aseme amemwona."

Kavindu akaiwasha. Papo hapo wakasikia vijana wakiingia ploti ile ya vyumba vya kupanga, wakigonga mlango baada ya mlango, wakiuliza watu majina ili wajue kabila zao. Feni ya kompyuta ilivuma kama posho mill isagayo mahindi. Kavindu akaogopa wangeisikia na kuipora. Akavuta blanketi kitandani, akaifunika mashine gubigubi. Kelele ikafifia. Lakini picha haikufunguka. Akapenyeza mkono chini ya blanketi: moto kama kikaango.

Yeye, wa kuhubiria watu habari ya joto! Ikiungua leo, mafundi wote mjini wamefunga. Sura ya Dalmas itabaki humo ndani.

Akalitoa blanketi. Feni ikanguruma kuliko mwanzo. Filister akaanza kuipepea kwa mfuniko wa sufuria, na Kavindu akapaza sauti, akaimba wimbo wa ibada kwa Kikamba ili kuifunika ile kelele.

Mlango ukapigwa teke.

"Mathe, nani wako huko?" kijana akauliza kutoka nje.

"Wamama wawili. Tunaomba."

"Huyo mwingine mbona haimbi? Aimbe tumsikie."

Filister hakujua hata neno moja la Kikamba. Kavindu naye hakuweza kusema uongo, ilhali jina la Mungu lilikuwa bado kinywani mwake.

"Amepoteza mume, mwanangu. Unataka aimbe nini?"

Panga likakwaruza ukuta.

"Wachana na hawa," sauti nyingine ikasema. "Ni wa kanisa."

Nyayo zikaenda. Wanawake hawakusogea mpaka ploti nzima iliponyamaza. Ndipo Kavindu akageukia skrini: Dalmas alikuwa hapo, na shati lake la kola.

Printa ikamtoa kidogo kidogo: nywele, paji, macho. Filister akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ngapi, Mama Daisy?" Kavindu akamuuliza.

"Mpaka wino uishe."

Kavindu akagusa ubavu wa mashine. Bado moto. Akaomba kimoyomoyo isiungue, akabonyeza tena.