Kabati la Kijani

Nikipita mbele ya duka la rangi na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi ikinipata, narudi uani kwetu, karibu na mji wa Tawa, nikiwa na kipande cha msasa mkononi. Baba alikuwa amezikwa mwezi huo. Ndugu yake alikuwa ametutumia ujumbe kwamba angekuja kuchukua kabati la marehemu, lile la vanishi.

"Sugua mpaka mng'aro uishe," Mama aliniambia. "La sivyo rangi haitashika."

Tulisugua asubuhi nzima. Vumbi la kahawia lilitujaa puani, na ncha za vidole zikaniwaka. Mama alipangusa mbao kwa kitambaa chenye thina, akapaka rangi ya kwanza, na kesho yake akapaka ya kijani.

Baba mdogo alifika rangi ikiwa bado mbichi. Aliligusa kabati asiamini. "Shemeji, umeharibu kitu cha ndugu yangu!"

"Lile la vanishi lilikuwa lake," Mama akasema bila kuinuka. "Hili ni langu na watoto wangu. Haliendi popote."

Baba mdogo aliondoka akijipangusa kijani kwenye suruali. Mama alichovya brashi, akafunika alama za vidole vyake.