Piano Iliyokunywa Lotoko

Kwanza niseme wazi: mimi ni Mwislamu, binti wa mji wa Kasongo, na sijawahi kunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Nimeinunua tu, mara moja, chupa nzima, nikiwa na mtandio wa madrasa kichwani. Naomba msomaji asichanganye hayo mawili, maana mama yangu bado anayachanganya.

Profe wetu wa hesabu ndiye anayepiga piano kanisani. Piano yenyewe ni kinanda cha umeme kinachokula batri ya sola. Ilitoka Salamabila kwa pikipiki, imefungwa nyuma ya dereva kama mbuzi, siku tatu za vumbi na madimbwi. Tangu ifike, tushi tano za katikati zilikataa kusema. Unabonyeza tushi, kimya, kama darasa letu Profe akiuliza nani amefanya zoezi.

Lakini Profe zamani alikuwa mlevi, na mji mzima ulijua. Mwaka jana aliacha, na aliacha kweli. Sasa kila Jumapili wimbo unafika katikati, noti zinapotea, na waumini wanatazamana: vidole vimeanza kulewa tena. Padiri akamwita, akamwambia Jumapili ijayo akikosa tena, piano atapewa katekista. Katekista anapiga kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama viazi vimeiva.

Alhamisi Profe akaileta kwa mjomba wangu. Mjomba anatengeneza redio karibu na soko, na ndiye pia anayeadhini musikitini. Mimi hukaa naye baada ya masomo kwa sababu macho yake hayaoni tena skurubu ndogo, na mimi naona kila kitu, hata nisichotakiwa.

"Mwalimu," mjomba akamuuliza, "mgonjwa ni hii piano ama ni weye?"

"Ni piano, baba. Naapa."

"Usiape. Tutafungua."

Nilifungua skurubu hadi kiganja kikauma. Ndani tulikuta vumbi jekundu la barabara, mende mmoja aliyekufa zamani, na karanga. Mjomba akaiinua ile karanga, akamwonyesha Profe.

"Ni yako?"

"Ya dereva," Profe akajibu haraka sana.

Ugonjwa ulionekana. Chini ya kila tushi kuna kijipira chenye doa jeusi. Ukibonyeza, lile doa linagusa njia za shaba kwenye sahani ya kijani, na sauti inatoka. Madoa yetu matano yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililochanganyika na mafuta. Dawa yake ni spiriti kidogo kwenye pamba. Nikakimbia duka la dawa. Mwenye duka akasema spiriti iko njiani. Kwetu kitu kikiwa njiani, unaweza kuoa, kuzaa na kumpeleka mtoto shule kabla hakijafika.

"Lotoko ya kwanza, ile inayoshika moto," Profe akasema polepole huku akiangalia viatu vyake, "inaweza kufanya kazi ya spiriti."

Mjomba akamtazama. "Unajua sana mambo haya."

"Nilisoma, baba."

"Ulisoma kweli kweli."

Ikabaki swali: nani ataenda kuinunua? Profe akionekana pale, kwisha habari yake. Mjomba ni mwadhini. Wote wawili wakanigeukia mimi kwa pamoja, kama watu waliopanga.

Mama anayeuza lotoko alikuwa amekaa juu ya bido ya plastiki. Aliutazama mtandio wangu, kisha akanitazama mimi.

"Mutoto, nani amekutuma?"

"Mjomba."

Hapo ndipo nilipokosea.

"Ule wa adhana?"

"Si ya kunywa, mama. Ni ya kusafisha piano."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wote wanasema hivyo. Iko mmoja anasafisha kidonda tangu mwaka juzi."

Niliporudi, jirani wawili walikuwa wameshapita kumsalimia mjomba kwa upole usio wa kawaida.

Mjomba alikataa kukaa chumba kimoja na ile chupa. Akatoa kiti nje, akaziba pua kwa mkono wa kanzu, akaniongoza kupitia dirishani. "Pamba. Tone moja. Usimwage. Umemaliza? Sasa sugua na krayo yako ya kuandikia, zile doa zipate weusi." Nilitii mpaka saa ya alasiri, alipoondoka kwenda kuadhini. Profe alikuwa ameenda kufundisha kwaya.

Nikabaki na chupa.

Chini ya tushi kulikuwa na kitambaa kinene, kirefu kama piano yenyewe, chekundu kwa vumbi. Nikafikiri kisayansi: kama tone linasafisha hivi, chupa itafanya nini? Nikamimina. Kitambaa kikanywa yote bila kukohoa. Nikaficha chupa tupu, nikapanga vipira, nikafunga.

Jioni, harufu ya lotoko ya mchana ikiwa bado imejaa chumba, Profe akabonyeza zile tushi, moja baada ya nyingine. Zote tano zikasema. Akazirudia mara nne, kisha akafuta macho akasema ni vumbi. Sikumcheka, nami hucheka kila kitu.

Jumapili mjomba akanipeleka kusimama nje ya mlango wa kanisa. Alitaka kusikia kazi yake. Noti zote zilikuwepo. Lakini bati lilipopata jua, na piano nayo ikapata joto, harufu ikaanza kutembea. Wasichana wa sauti ya kwanza wakashika pua. Kisha mstari baada ya mstari, vichwa vikamgeukia Profe. Padiri akashuka kutoka altare.

"Pumua," akamwambia.

Profe akapumua. Padiri akanusa, akakunja uso kama mtu aliyepotea njia, kwa sababu pumzi ilikuwa ya tangawizi na harufu ilikuwa palepale.

Miguu yangu ilikuwa tayari kukimbia. Lakini Profe hakumwangalia mtu. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya zile tushi tano, kama anaziaga. Nikaingia na mtandio wangu mpaka mbele.

"Padiri, ni mimi. Niliisafisha na lotoko. Nilimwaga chupa yote ndani."

"Chupa yote?" ikatoka sauti ya mjomba mlangoni. "Nilisema pamba."

"Mwadhini, ni kweli?" padiri akamuuliza.

"Lotoko ni yangu na ya huyu mutoto," mjomba akajibu, na kanisa zima likasikia. "Mwalimu hata chupa hakuigusa."

Padiri akainama, akabonyeza zile tushi mwenyewe, zote tano. Akanusa tena.

"Basi mlevi ni piano. Itolewe nje. Mwalimu abaki."

Wanaume wanne wakaibeba, wakaiegemeza ukutani juani, na kwaya ikaimba kwa makofi, Profe akiongoza. Piano ilikatazwa misa kwa Jumapili mbili. Mjomba naye ilibidi aeleze kwa imamu, na maelezo yake yalichukua muda mrefu kuliko adhabu ya piano.

Jumatatu Profe akaandika swali ubaoni: chupa moja ya lotoko imemwagwa juu ya kitambaa chenye urefu wa metro moja; kila sentimetro imekunywa kiasi gani? Nilikuwa wa kwanza kumaliza, na nilikosa. Profe alisema nilisahau kutoa ile iliyomwagikia sketi yangu, ambayo mama aliinusa kabla padiri hajanusa piano.